Fluti na klarineti urefu karibu sawa, mbona sauti mbali?

SWALI: Shikamoo mjomba. Niko Bagamoyo najifunza muziki, fluti na klarineti nikizilaza pamoja zinakaribia kulingana ila klarineti inashuka chini mno. Ni ile mbao au?
Binti wa Dunda

JIBU: Marahaba mwanangu. Mbao achana nayo, mafundi wenyewe wanabishana, kinachotawala ni hewa ndani ya bomba. Fluti iko wazi kotekote, hata lile tundu unalopulizia ni mlango, ila klarineti pale mdomoni ridi, ule ulimi mwembamba unaotetemeka ukipuliza, inafanya bomba liwe kama limezibwa, na bomba la kuzibwa upande mmoja linashuka karibu oktava nzima, yaani toka do mpaka do ya chini yake. Chukua kipande cha bomba la maji, puliza juu ya tundu, halafu ziba chini na kiganja, utasikia sauti inavyoporomoka.

Tena klarineti ukilazimisha iende juu hairuki oktava, inaruka mpaka noti ya 12 ukihesabu toka ile uliyoanzia, ndo maana vidole vyake vinatesa wanafunzi. Saksafoni, ile Adolphe Sax alipata hataza yake 1846, ina ridi vilevile lakini bomba linatanuka kadiri linavyoshuka, basi yenyewe inaruka oktava kama kawaida. Na zumari letu la ngomani liko kundi hilohilo la kutanuka, chungulia ndani uone.