Maswali na majibu: Mvua, mito na mafuriko

Hapa Jangwani, Dar es Salaam, siku ya mafuriko hatukupata hata manyunyu, lakini usiku maji yakaingia ndani. Yalitoka wapi?

Yalitoka juu, ndugu yangu. Mto Msimbazi unaanzia vilima vya Pugu na Kisarawe. Mvua ikipiga huko, ninyi wa bondeni mnaletewa saa chache baadaye. Zamani ardhi ilikunywa sehemu kubwa. Leo mabati, lami na zege vinayasukuma maji moja kwa moja mitaroni, na mitaro yenyewe imejaa mchanga na chupa za plastiki. Ndiyo maana watafiti hawaishii kupima mvua: wanafuatilia pia kina cha mto na unyevu wa udongo. Udongo ulioloa wiki nzima ya masika haupokei tena, hivyo mvua iliyopita salama Machi yaweza kuzamisha nyumba Aprili. Mimi ningeanza na kipimo cha kina cha mto huko juu, na mtu wa kuwapigia simu usiku huohuo.

Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitaja mvua ya milimita 50 kwa saa 24, si sentimita tano tu hizo?

Ni tano, ila kila mita ya mraba inapokea lita 50. Paa la mita 10 kwa 10 linamwaga lita 5,000, simtanki zima! Haya, hesabu mapaa ya mtaani kwako.

Ziwa Victoria lilifurika 2020 hadi tukahama. Ni mito iliyojaa? (Mwanza)

Mito ilichangia, lakini sehemu kubwa ya maji ya ziwa hili ni mvua inayonyesha juu ya ziwa lenyewe, na mengi hurudi angani kama mvuke. Mwishoni mwa 2019 Bahari ya Hindi ilipata joto upande wetu, ikapoa upande wa Indonesia. Unyevu ukaja kwetu, vuli ikazidi, ziwa likapanda hadi kiwango cha miaka ya 1960. Joto la bahari huonekana mapema. Hapo ndipo utabiri wa msimu unapoanzia.

Mimi ni mwalimu. Shule yangu inaweza kusaidia kupima mvua?

Sana. Wekeni kipima mvua mahali pa wazi, mbali na miti na paa, kisomwe kila siku saa tatu asubuhi. Isiponyesha, andikeni sifuri. Msiache nafasi wazi.