Bosi anataka apu ya kukutanisha wageni, sie hata fundi wa spika tumemlipa mara mbili

SUALI: Assalaam alaykum. Mie ni katibu wa jumuiya ya wakulima wa mwani huku Chake Chake. Tunataka kufanya kongamano la siku mbili, watu kama 120 hivi, wakulima, wanunuzi wa Unguja na Dar, watu wa benki na wa wizara. Mwaka jana tulifanya na ikawa vurugu tupu, fundi wa spika kalipwa adivansi na watu wawili kila mmoja hajui kama mwenzake kashalipa, na barua ya mgeni rasmi kila mtu anadhani mwengine kaipeleka. Sasa mwenyekiti wetu kenda mkutano Dar kakuta watu wana apu, ukiingia unaona nani kaja, unaomba miadi, unaskani beji ya mtu basi namba yake ishaingia kwako, karudi anasema na sisi tununue hiyo. Kijana wetu wa kompyuta yeye anasema hapana, tuchukue Trello au Asana, apu za kupangia kazi. Pesa tulizonazo ni za kitu kimoja tu. Tushike lipi?
Katibu, Chake Chake

JAWABU: Waalaykum salaam dada katibu. Barua yako nimeisoma mpaka mwisho na jawabu umeshalitia mwenyewe mule ndani, mambo yote uliyolalamika yametokea kabla hata mgeni mmoja hajashuka bandarini Mkoani. Spika, barua, adivansi. Hiyo apu ya mwenyekiti isingekusaidieni hata moja katika hayo.

Nieleze kidogo maana watu wengi wanazichanganya. Apu za mwenyekiti, kina Brella, Swapcard, Whova, zimetengenezwa kwa ajili ya waliohudhuria. Kila mgeni anajaza yeye nani, anatafuta nini, ana nini cha kutoa, halafu apu inamwambia fulani na fulani wanakufaa, omba miadi saa nne meza ya saba. Trello na Asana zimetengenezwa kwa ajili ya nyie mnaoandaa, mgeni hazijui wala hazimuhitaji. Trello ilitoka 2011 na kazi yake ni ubao wa kadi tu, kila shughuli ina kadi yake na unaisogeza kutoka safu ya Za kufanya kwenda Zinafanywa kwenda Zimekwisha, mtindo huo asili yake ni viwanda vya Toyota huko Japani, si maajabu ya kompyuta.

Sasa chukua ile spika yenu. Unafungua kadi unaandika "Spika na maiki", unatia jina la mtu MMOJA, sio mawili, unatia tarehe ya mwisho, na yule aliyelipa anapiga picha risiti anaibandika hapo hapo kwenye kadi. Mwengine akitaka kulipa akifungua tu anaiona risiti. Basi. Kwenye grupu la WhatsApp hiyo risiti ilikuwepo pia nakuhakikishia, ila ilikuwa chini ya salamu za Ijumaa na picha za harusi ya mtoto wa mjumbe, nani atapanda juu kuitafuta?

Na hapa kijana wenu wa kompyuta mwambieni atulie asikimbilie kulipia. Trello ya bure inawatosha kamati ya watu saba nane, hizi programu za kazi zikishakuwa za kulipia bei yake huwa kwa kila mtu kila mwezi, kwa dola, na kadi ya benki juu, jumuiya haina haja ya kujitia huko. Kama wazee wa kamati hawataki kitu kipya kwenye simu zao basi mmoja wenu ashike ubao na kila Jumapili usiku atume grupuni picha ya skrini. Sio uzuri sana lakini inakwenda.

Haya turudi kwa mwenyekiti, maana na yeye anachokitaka kina maana. Mwani sio karafuu. Karafuu mnunuzi wake sote tunamjua, ni ZSTC, shirika la biashara la serikali, hapo hakuna wa kukutanishwa na mtu. Mwani una wanunuzi mbali mbali, huyu anataka mwani mnene huyu anachukua mwembamba tu, huyu anaulizia wa kutengenezea sabuni, na mama wa Kisiwa Panza hawezi kujua nani ni nani kwa kukaa kwenye kiti cha plastiki anasikiliza hotuba siku mbili. Kwa hiyo hapo yuko sawa, tatizo ni dawa aliyoichagua. Zile apu zinafanya kazi pale watu wanapojaza taarifa zao mapema na kila mmoja ana smatifoni yenye bando. Asiyejaza haonekani. Wakulima wenu wangapi wana kitochi? Mkinunua, mtaishia na wanunuzi na watu wa benki wanatafutana wenyewe kwa wenyewe, ambao kwa kawaida washajuana zamani, na wakulima wako pembeni.

Ningelikuwa mie ningefanya hivi. Fomu ya Google kwa Kiswahili, masuali manne tu: unauza au unanunua nini, mnene au mwembamba, kiasi gani kwa mwezi, unatoka wapi. Asiye na smatifoni kiongozi wa kikundi chake amjazie kwa kumpigia simu. Halafu kijana wenu akae na orodha awaoanishe kwa mkono, kwa watu 120 ni kazi ya usiku mmoja. Mkiwa na wanunuzi kumi na mbili, kila mmoja mpe meza na namba yake, dakika 20 kila kikao, masaa mawili ya mchana mnapata zamu sita, hizo ni vikao 72, na kila mkulima anaingia mlangoni na kikaratasi kimeandikwa meza namba tatu saa nane na nusu. Mtu na kengele anazunguka. Sijui apu gani ingelifanya zaidi ya hapo kwa kongamano la ukubwa wenu.

Jengine, kwenye ile fomu tieni mstari mmoja wa kumuuliza mtu kama anakubali namba yake wapewe wanunuzi. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, na hata bila ya sheria mama wa watu asije akapigiwa simu usiku na asiyemjua.

Na kadi ya kwanza kabisa kwenye ubao wenu iwe TAREHE. Tazameni bamvu, siku za maji kujaa na kupwa sana. Mkiweka kongamano siku za bamvu wakulima wenyewe watakuwa pwani na mwani wao, mtabaki na watu wa wizara na maji ya chupa.

Mwenyekiti akiendelea kung'ang'ania msimkatalie, mwambieni awaombe wenye apu demo, yaani wamuoneshe inavyofanya kazi, maana wengi wao bei hawaiweki wazi, mpaka uwaandikie wakupigie hesabu kwa tukio na idadi ya watu. Awaulize: ipo kwa Kiswahili? Mtandao ukikatika ukumbini inakuwaje? Majina ya watu wetu mkutano ukisha anabaki nayo nani? Siku mtakapofikia maonesho ya watu mia tano, wenye mabanda, wageni wa nje, wafadhili wanaotaka kuona idadi ya miadi, hapo nami nitamuunga mkono na pesa zitolewe.

SUALI: Mambo vipi, tuko sita ofisini Paje, tunafanya tua za watalii. Tumepata apu ya matukio kwa bei ya kutupa, ina ratiba na chati ndani. Si tunaweza kupangia kazi za ofisi humo humo mwaka mzima?
Kijana wa Paje

JAWABU: Poa yakhe. Hapana. Ile ratiba ya apu ya matukio inajua saa na ukumbi, haijui nani kapewa kazi na kama kaimaliza au bado. Leo gari ya uwanja wa ndege imeshapangwa? Ratiba itakwambia mgeni anafika saa saba, dereva ni nani haikwambii. Halafu nyingi zinafungwa tukio likisha, na mazungumzo yenu yote yanafungiwa humo. Nyie sita, fungueni ubao mmoja wa bure, kila mgeni kadi yake, ndege, hoteli, dereva, salio analodaiwa. Na ile ya bei ya kutupa angalieni vizuri kama sio bei ya mwezi wa kwanza tu.