Kikohozi cha Shifti ya Usiku: Tulivyotengeneza Mpango wa Kuzuia Ajali na Magonjwa Kazini

Kijana yule alijikata kidole usiku wa manane, akakifunga kwa kitambaa cha kufutia meza, akavaa glavu juu yake na kuendelea kukata donge la mkate mpaka saa 12 asubuhi. Niligundua alipokuwa akitoka langoni, damu imeshakaukia kwenye glavu. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia.

"Madam, ningesema, kesho ningeitwa?"

Alikuwa kibarua. Kila jioni watu kama yeye walitembea kutoka mtaa wa Mukuru hadi kwenye lango la kiwanda chetu cha mikate pale Industrial Area, Nairobi, wakasubiri kuchaguliwa. Aliyekuwa akichagua ni mimi, msimamizi wa shifti. Swali lake lilikuwa la haki kabisa na sikuwa na jibu.

Ofisini tulikuwa na faili zuri la usalama. Sera imesainiwa, ukaguzi wa mwaka umefanywa, cheti cha usajili kimetundikwa ukutani. Daftari la ajali lilikuwa tupu, na meneja alipenda kuwaonyesha wageni ule utupu wake. Tangu asubuhi ile, nikiona daftari tupu kwenye kiwanda chenye visu, mikanda na tanuri, najua watu wa pale wanaogopa.

Wenye viwanda vidogo huniuliza siku hizi waanzie wapi kuandika mpango wa kuzuia ajali na magonjwa. Wengi hutaka niwape nakala ya mpango wetu wabadilishe jina. Mimi huwaomba kwanza wajibu swali la kijana yule, kwa sababu hatari zote utakazoziandika utazipata kwa watu wanaozishika kwa mikono, na hao hawatasema kitu ikiwa kusema kunawanyima unga wa jioni.

Sisi tulianza na kanuni moja. Aliyeripoti jeraha au hatari huitwa kazini siku inayofuata kama kawaida, na msimamizi asipomwita, msimamizi ndiye anayeeleza sababu kwa maandishi. Tuliisoma kwa sauti langoni, mbele ya vibarua, siku tatu mfululizo. Kisha tukaweka daftari jipya karibu na mahali pa kunawia mikono, wala si ofisini, la kuandika majeraha na pia yale ya kuponea chupuchupu: trei iliyodondoka ikakosa mguu, sakafu iliyomtelezesha mtu asianguke. Asiyetaka kuandika alimwambia mwenzake amwandikie.

Wiki ya kwanza hakuna aliyeandika. Wiki ya pili mzee mmoja wa tanuri aliandika kwamba gurudumu la toroli la trei limelegea. Fundi alilibadilisha kabla ya saa sita mchana siku hiyohiyo, na tukaandika hivyo kando ya maneno yake. Kuanzia hapo daftari likajaa. Nakushauri ulinde sana hatua hii: jambo la kwanza kuripotiwa, hata likiwa dogo, lirekebishwe upesi na watu waone. Ukichelewa hapo, hutapata la pili.

Katika kusoma daftari hilo ndipo nikaona neno "kifua". Likarudi mara ya pili, ya tatu, na watu wote walikuwa wale wa mashine ya kukandia. Mmoja wao alikuwa akikohoa kwa zaidi ya mwaka na sisi tulisema ni baridi ya alfajiri. Nilimuuliza: ukienda nyumbani Krismasi, unakohoa? Akafikiri. Akasema, siku ya tatu kikohozi huisha, na nikirudi hapa kinarudi.

Tafadhali liweke swali hilo kwenye mpango wako. Dalili zinazopungua mapumzikoni na kurudi kazini ni ishara ya kutiliwa maanani. Vumbi la unga wa ngano, pamoja na vimeng'enya vinavyowekwa kwenye viboresha mkate, husababisha pumu kwa waokaji. Mwili ukishaanza kukataa vumbi hilo, hata kiasi kidogo huweza kumbana mtu kifua. Daktari alimpa mwenzetu kifaa cha kupuliza apime pumzi yake siku za kazi na siku za mapumziko, na tofauti ikaonekana. Tulimhamishia upakiaji kwa mshahara uleule. Tungempunguzia, nani mwingine angesema?

Watu wengi wakisikia usalama kazini huwaza kidole kilichokatika. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani ni kwamba karibu watu milioni 3 hufa kila mwaka kwa sababu zinazohusiana na kazi, na takriban milioni 2.6 kati yao ni kwa magonjwa. Ugonjwa hauna kelele, ndiyo maana mpango unaohesabu ajali peke yake huwaacha wagonjwa wake gizani.

Jambo la kwanza lililosemwa kwenye mkutano lilikuwa tununue maski. Tulinunua, lakini nilikataa tuishie hapo. Maski ni kinga ya mwisho, huvaliwa vibaya, na katika joto la tanuri mtu huivuta kidevuni. Tulitafuta vumbi linatoka wapi. Vijana walikuwa wakimimina gunia kutoka juu ya bega, na unga ukatoka kama moshi. Tukawafundisha kushusha mdomo wa gunia hadi chini ndani ya bakuli na kumimina polepole. Mashine ikawa inaanza kwa mwendo wa chini, kifuniko kikiwa kimefungwa, mpaka unga ulowane. Mezani tukapunguza unga wa kunyunyizia, tukatumia mafuta kidogo penye kufaa. Kufagia kukavu na kupuliza kwa hewa ya kompresa tukavipiga marufuku. Tukanunua mashine ya kufyonza vumbi iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Hayo mengi hayakugharimu chochote. Gharama kubwa ilikuwa ile mashine ya kufyonza, na vumbi la unga likijaa hewani hushika moto pia, kwa hiyo sijutii.

Kwenye mashine za kukata hadithi ni fupi. Kinga za visu zilikuwa zimefunguliwa na kuwekwa kabatini. Badala ya kufoka, tuliuliza sababu: donge lilikuwa likinata chini ya kinga na kusafisha kulichukua nusu saa. Fundi alitengeneza kinga inayofunguka kwa bawaba, yenye swichi inayokata umeme ikifunguliwa. Na wa kusafisha huzima umeme, hufunga swichi kuu kwa kufuli, na ufunguo hukaa mfukoni mwake yeye.

Sheria usiipuuze. Kenya tuna Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007: wafanyakazi 20 au zaidi, lazima kamati ya usalama yenye wawakilishi wao; ukaguzi kila miezi 12; kifo kazini kitaarifiwe ndani ya saa 24. Ile ya fidia kwa majeraha ya kazini, ya mwaka huohuo, inamtaka mwajiri awe na bima. Soma zote mbili. Katika kamati, hakikisha wafanyakazi wanachagua wenyewe mtu wao, na awepo wa usiku. Kamati yetu ya kwanza ilikuwa ya watu wa mchana tupu, ikakaa miezi bila kutaja taa mbovu ya ngazi ya ghala.

Mpango wetu ulioandikwa sasa una kurasa 6, kwa Kiswahili, na kila hatari ina jina la mtu anayewajibika na tarehe. Kila Jumatatu nalisoma daftari na mzee wa tanuri. Wiki hii lina mambo manne: bomba linalovuja, kisu butu, mgongo wa mbeba magunia, na waya uliochunika nyuma ya mashine ya kufunga mikate. La waya limeandikwa na kibarua katika siku yake ya pili.