Je, "ngombe" bila ritifaa ni kosa?

SWALI

Mwalimu, habari ya siku nyingi. Nina bucha hapa Umoja, na kila asubuhi naweka stetasi kwenye WhatsApp kuwaambia wateja kuna nini. Juzi niliandika "Leo kuna nyama ya ngombe laini na matumbo", nikaituma pia kwenye kundi la familia. Shemeji yangu akajibu mbele ya watu wote: "Ni ng'ombe. Weka ritifaa, unatuaibisha." Nimekaa na neno hilo wiki nzima. Kweli kialama hicho kina uzito hivyo, na wateja wangu wote walielewa?

Mama Bucha, Umoja

JIBU

Mama Bucha, pole kwa wiki hiyo. Nianze na shemeji: amekukosea. Mtu mzima na biashara yake harekebishwi hadharani. Angekuandikia kando, mistari miwili, yakaisha. Stetasi yako ilifanya kazi yake, kwa kuwa hakuna neno jingine ambalo mteja angelichanganya na "ngombe".

Lakini kama unaniuliza iwapo ritifaa ina uzito, nakujibu kwamba inao, na ushahidi uko mdomoni mwako. Tamka "ngoma". Halafu tamka "ng'ombe". Kwenye ngoma utasikia g ikigonga kule nyuma ya ulimi. Kwenye ng'ombe hiyo g haipo kabisa, sauti inatokea puani. Hapa Nairobi kila mtu anaijua tofauti hiyo bila kufundishwa. Makanga anaita Ngara kwa g na Lang'ata bila g, hata kama kibao cha matatu yake kimeandikwa "Langata". Kiganda kimeipa sauti hiyo herufi yake, ŋ, ile n yenye mkia. Sisi tunaiandika kwa vipande vitatu, na ukiondoa cha mwisho umeandika sauti nyingine. Daktari wa meno anang'oa. Jirani mwenye kijicho analilia ngoa.

Nadhani wengi wetu tunachanganya mambo kwa sababu tulichapwa kwa ajili ya ritifaa kwenye somo la Kiingereza. Ya Kiingereza mara nyingi ni ya macho. "Its" na "it's" hutamkwa sawasawa, na George Bernard Shaw katika tamthilia zake aliandika "dont" na "wont" bila alama yoyote, wasomaji wasipotee. Kijana akiniandikia "dont" kwenye simu sioni sababu ya kumsumbua. Yetu ni ya sikio. Ukiiacha, anayesoma kwa sauti anaweza kusema kitu kingine.

Na kwenye majina ya watu hapo sina mzaha. Miaka ya nyuma nilikuwa nasoma prufu kwenye duka moja la uchapishaji River Road. Jioni moja ikaletwa kazi ya kijitabu cha mazishi, nakala 200, zichukuliwe alfajiri kwa safari ya Murang'a. Marehemu alikuwa Mzee Ng'ang'a, lakini maandishi yalikuwa yametumwa kwa simu, na kila mahali yalisema "Nganga" isipokuwa pale mwisho kwenye shukrani. Niliona. Nikajiambia familia ndiyo inayolijua jina lake, nikapitisha.

Asubuhi mjane alikuja mwenyewe na binti yake. Akachukua kijitabu cha juu, akaitazama picha, kisha akalisoma jina taratibu kama lilivyoandikwa, akiigonga kila g. Akamuuliza binti, "Huyu ni nani?" Binti hakujibu. Mama akaomba biro. Akaweka kistari kimoja, akaweka cha pili, akapuliza wino ukauke. Tukasimama watatu pale kaunta tukiweka ritifaa kwa mkono, mbili kwa kila jalada, mpaka gari likapiga honi. Hatukufika hata nusu. Tangu siku hiyo sijapitisha jina la mtu bila kupiga simu kwanza. Wapo wanaojiandika Nganga hata kwenye kitambulisho, na jina ni la mwenyewe, liache lilivyo. Muhimu ni kuuliza.

Kwa hiyo, mama, ukichati na shosti wako andika "ngombe", "nangoa", "nangangana", vyovyote kidole kinavyokwenda. Najua alama hiyo imefichwa kwenye ukurasa wa pili wa kibodi, na mkono wako mwingine una kisu. Kwenye tangazo la biashara iweke, maana wateja watalinakili na watoto wao watalisoma.

Jambo moja la pesa, kwa sababu wenye biashara huniuliza. Ukiwatumia wateja SMS kwa wingi, tumia ritifaa iliyonyooka, ile ya kawaida ya simu. Iliyopinda, ambayo kompyuta hupenda kuiweka yenyewe, haimo kwenye orodha ya kawaida ya herufi za SMS. Ikiingia hata moja tu, ujumbe wote unabadilishiwa mfumo na nafasi inashuka kutoka herufi 160 hadi 70. Tangazo lililokuwa SMS moja linaweza kuwa mbili au tatu, na unalipia zote. Kwa hiyo usinakili tangazo kutoka kwenye kompyuta bila kuliangalia.

Na ukipaka rangi upya ubao wa bucha, mwandikie fundi neno hilo kwenye karatasi kwa herufi kubwa. Ritifaa inakaa baada ya g. Mafundi wengi huiweka katikati, "n'gombe", na rangi ikishakauka huwa hawarudi.