Mwalimu, ni 38 au 32?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Niko kidato cha tano, nasoma PCB. Kitabu alichoniachia kaka kinasema glukosi moja huipa seli ATP 38, zile molekuli zinazobeba nishati ya seli. Changu kipya kinasema 32, mbele kidogo kinasema 30. Nishike ipi? – Msomaji, Tabora

JIBU: Marahaba, mwanangu. Glukosi ni ileile, mahesabu ndiyo yamebadilika. Hata mimi nilifundisha 38 miaka mingi, na kuna binti niliwahi kumkata alama kwa wino mwekundu kwa sababu aliandika 32. Baadaye nilimrudishia, mbele ya darasa.

NADH na FADH2 ni wabebaji wa elektroni zinazotoka kwenye glukosi. Zamani tulihesabu NADH moja kwa ATP 3, FADH2 kwa 2, tukidhani ATP huundwa palepale elektroni zinapopita. Mwaka 1961 Mwingereza Peter Mitchell akasema sivyo, elektroni kazi yake ni kuendesha pampu. Pampu hizo zinasukuma protoni ng'ambo ya utando wa mitokondria, kiwanda cha nishati ndani ya seli. Protoni zikirudi zinazungusha kimeng'enya kinachounda ATP, kama maji ya Kidatu yanavyozungusha mitambo ya umeme. Wengi walimpinga. Mwaka 1978 akapata Nobel.

Sasa piga hesabu. Elektroni za NADH zinapita pampu tatu: protoni 4, tena 4, kisha 2. Jumla 10. ATP moja inakula protoni kama 4: tatu za kuzungusha, moja ni nauli ya kuingiza fosfeti. Kumi kwa nne ni 2.5. FADH2 yeye anapandia njiani, pampu ya kwanza imeshampita, kwa hiyo anasukuma 6 tu: 1.5.

Glukosi moja inatoa NADH 10, FADH2 2, na ATP 4 za moja kwa moja. 25 na 3 na 4, ndiyo 32 yako.

Na 30? NADH mbili huzaliwa nje ya mitokondria na haziruhusiwi kuingia. Zinakabidhi elektroni mlangoni. Kwenye ini na moyo mpokeaji hulipa 2.5 kamili. Kwenye misuli elektroni hizo nyingi hupitia njia inayolipa 1.5, na hapo ATP mbili zinapotea.

Kwenye mtihani onyesha njia, hadi ile 10 kwa 4. Kitabu cha kaka usikitupe: hesabu yake ya NADH 10 na FADH2 2 bado ni sahihi, futa tu zile 3 na 2 kwa penseli.