Sharti la kutumia lugha ya programu ya Ada lilifutwa 1997, mbona treni bado zinaendeshwa nayo?

SWALI: Injinia habari za kazi. Mimi ni mtoto wa Tanga, nimemaliza masters huku Ujerumani na nimepata ofa kwenye kampuni inayotunza mifumo ya kuongozea treni, kodi yao (maandishi ya programu) karibu yote ni Ada, lugha ya kuandikia programu. Washkaji wananiambia nikatae, eti hiyo lugha ilikufa siku Marekani ilipofuta sheria ya kulazimisha itumike, na eti kampuni ambayo haijahamia lugha za C++ au Rust imeshachelewa. Mmoja anasema ana programu ya AI inayoweza kugeuza kodi yote kwa wiki chache. Nifanyeje? (Msomaji, Ujerumani)

JIBU: Nzuri mdogo wangu. Hili swali nalipata kila mara, leo Ada, kesho Cobol, na kosa ni lile lile, watu wanadhani serikali ikiondoa sharti basi na lugha imezikwa. Nitaanza na hapo maana ndipo panaponikera.

Kilichofutwa ni nini hasa? Miaka ya 70 Wizara ya Ulinzi ya Marekani ilijikuta na lugha zaidi ya 450 kwenye miradi yake, kila mkandarasi na yake, wakaamua watafute moja. Wakaweka mashindano, ikashinda timu ya Jean Ichbiah kutoka Ufaransa, lugha ikapewa jina la Ada Lovelace, mwanahisabati Mwingereza wa karne ya 19. Miaka ya 80 wizara ikaanza kuilazimisha, na kuanzia Juni 1991 hata Bunge lao likaiweka kwenye sheria, ila na kauli ya "pale inapokuwa na unafuu wa gharama", na hapo ndipo watu wakapita, maana ruhusa za kutoitumia ziliombwa na zikatolewa. Halafu Aprili 1997 Emmett Paige, aliyekuwa bosi wa mambo ya kompyuta na mawasiliano pale Pentagon, yaani wizara hiyo hiyo ya ulinzi, akatoa waraka kwamba sharti limeondoka, kila mradi uchague lugha kwa sababu za kihandisi. Basi. Hakuna aliyesema Ada ni marufuku, hakuna aliyesema kodi iliyopo itupwe. Na reli za Ulaya zilihusika vipi na waraka wa Pentagon? Hazikuhusika kabisa! Metro ya Paris, ile line 14 inayokwenda bila dereva, ilifunguliwa 1998, sharti likiwa limeshafutwa, na programu zake za usalama ni Ada. Hao hawakulazimishwa na mtu.

Sasa usinielewe vibaya, kufutwa kule kuliacha alama. Ofisi ya pamoja iliyokuwa inasimamia Ada ilifungwa 1998, vyuo vilivyokuwa vinafundisha kwa sababu Pentagon inataka vikaacha, wauza kompaila (programu inayokagua kodi na kuigeuza iwe lugha ya mashine) wakapungua maana mteja mkubwa halazimiki tena kununua. Na mradi mpya mkubwa ukaenda kwingine: ndege ya kivita ya F-22 iliandikwa kwa Ada, ila ya baada yake, F-35, kodi yake nyingi ni C na C++. Sababu waliyoitoa ni kwamba watu wa C++ na vifaa vyake vinapatikana kirahisi, na mimi siwalaumu kwa hilo.

Lakini angalia walichofanya baada ya kuhama, ndicho ambacho hao washkaji zako hawakisemi. Mwaka 2005 walitoa kitabu kizima cha masharti ya namna ya kuandika C++ ya ndege ile: hakuna kutumia exception (njia ya lugha ya kurusha kosa likitokea), hakuna kuomba wala kurudisha memori ukishamaliza kuwasha mfumo, na mengine chungu nzima. Yaani walitoka kwenye lugha inayokukatalia, wakaenda kwenye lugha inayokubali kila kitu, halafu wakalipa watu wakae waandike makatazo kwa mkono na wengine wakague kama yanafuatwa. Ile gharama ya nidhamu ilibaki pale pale, ila sasa analipa mradi wakati zamani ilibebwa na kompaila.

Na kuna jambo linalonitoa machozi kabisa. Kabla ya waraka ule, kamati ya wataalamu chini ya Barry Boehm ilikaa ikaandika ripoti, ikasema sharti liondoke kwenye mifumo ya kawaida ya ofisini, libaki kwenye programu za kivita zinazotengenezwa maalum, na serikali iweke kama dola milioni 15 kwa mwaka kuitunza Ada, la sivyo iachane na sharti lote. Wakubwa wakachukua njia rahisi. Leo mtu anakwambia "hata wataalamu walisema Ada ifutwe". Soma ripoti bana.

Wale mashabiki wa Ada nao wasinishangilie. Tarehe 4 Juni 1996 roketi ya Ariane 5 ililipuka sekunde arobaini hivi baada ya kuruka, na kodi iliyoiangusha ilikuwa Ada, imetolewa Ariane 4 ikapandikizwa kwenye roketi yenye mwendo tofauti. Namba ya biti 64 ikalazimishwa iingie kwenye biti 16, haikuenea, na pale hapakuwa na ulinzi kwa sababu kwenye Ariane 4 walishapiga hesabu wakaona haiwezi kuzidi. Kodi ilihamishwa, ile hesabu haikurudiwa.

Ndiyo maana nikisikia "programu ya kugeuza kodi yote kwa wiki chache" nachoka. Kwenye Ada unaweza kusema kasi ya treni ni aina yake yenyewe, kuanzia 0 hadi 300, na ukijaribu kuijumlisha na umbali kompaila inakataa, ukiipa 301 programu inapiga kelele hapo hapo. Sasa hao wageuzaji, nimeona kazi zao, kasi inakuwa int (namba kamili ya kawaida tu), umbali int, joto int, kila kitu int, kodi inakompaili vizuri, demo inapendeza, bosi anapiga makofi. Zile kelele zimeshaondolewa kimya kimya. Sijagusa bado kazi zinazokwenda sambamba, ambapo Ada ina utaratibu wake ndani ya lugha wa nani anasubiri nani, huyo mgeuzaji anakumwagia thread (mikondo ya kazi) na kufuli za kupanga zamu halafu bagi, yaani hitilafu, inakuja kutokea mara moja kwa miezi minane, usiku, na hakuna anayeweza kuirudia.

Rust ni lugha nzuri, mradi mpya naipendekeza bila aibu. Ila mfumo wa treni umeshapitishwa na wakaguzi wa usalama, ukigusa kodi yote unaanza upya na wakaguzi, na bili hiyo haimo kwenye matangazo ya yule jamaa.

Kwa ofa yako, kabla hujasaini waulize wanatumia kompaila gani na nani anawapa sapoti, maana ipo GNAT ambayo ni ya bure na ina kampuni inayoiuza kwa sapoti ya kulipia, na lugha yenyewe ina toleo jipya linaloitwa Ada 2022. Uliza kama tesiti za mfumo zipo na zinaendeshwa, au zimebaki kwenye kichwa cha mzee anayestaafu mwakani. Wakikujibu vizuri, chukua kazi, maana ukishajua uhandisi wa usalama, kutoka Ada kwenda lugha nyingine ni suala la miezi michache.

Na huyo mwenye AI mwambie achukue tesiti za mfumo wa zamani aziendeshe zote kwenye kodi yake mpya, zile za hitilafu pia, zile ambazo mfumo unatakiwa ukatae. Niliowaomba hivyo mpaka leo nasubiri matokeo yao.