Mkuu usipeleke hiyo fomu CMA kabla wote 17 hawajasaini

Simama hapo hapo mkuu. Umeuliza kama wakili ni lazima na kama bosi anaweza kuwafukuza, ila mimi nimekwama kwenye sentensi moja tu: mko walinzi 17, masaa 12 kwa siku, siku sita kwa wiki, overtime hamjawahi kuiona, na kesho unaenda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi inayosikiliza migogoro ya kazi, kujaza fomu "kwa niaba ya wenzangu, sahihi zao nitaleta baadae". Hiyo baadae ndo ilituua sisi.

Sisi tulikuwa 23, kiwandani, hapa hapa Dar. Madai yetu yalikuwa safi kabisa, sheria inasema masaa 45 kwa wiki, yanayozidi yanalipwa mara moja na nusu, tena hata hayo ya ziada hayatakiwi kupita 50 ndani ya wiki nne. Daftari la mahudhurio tulilipiga picha, salary slip zipo. Tukampata bwana mmoja ana stationery jirani na ofisi, anajiita mtaalam wa mambo ya kazi, akachukua elfu kumi kila kichwa kujaza CMA F.1, fomu ya kufungua shauri ambayo ni ya bure! Akanisainisha mimi peke yangu, majina ya wenzangu akayachapa kwenye karatasi pembeni. Nilimuuliza mara mbili, na sahihi zao je? Akanijibu we ndo mwakilishi, yako inatosha. Nikamwamini kwa sababu ana muhuri. Mpaka leo nikiona muhuri wa stationery damu inachemka.

Siku ya shauri wakili wa kampuni hakugusa kabisa habari ya masaa. Alinyanyua ile karatasi akauliza, hawa watu wamemtuma lini huyu? Kanuni za 2007 za usuluhishi na uamuzi, GN 64 (Tangazo la Serikali namba 64), zinasema mmoja anaweza kusaini kwa niaba ya wenzake, ila lazima aambatanishe orodha ya waliomtuma na kila aliyeko kwenye orodha awe amesaini. Yetu haikuwa na sahihi hata moja. Shauri likaondolewa. Tukaambiwa tunaweza kurudi, sasa turudi vipi wakati siku 60 za kufungua shauri zimeshapita, ikabidi tujaze F.2 ya kuomba muda na kueleza kwanini tumechelewa, tukaeleza tulivyopotoshwa, jibu likawa kutojua sheria siyo sababu. Miaka miwili ya jasho la watu 23. Kuna mama mmoja tulikuwa nae zamu ya usiku, juzi nimekutana nae Mbagala akanisalimia vizuri tu, mimi ndo nikashindwa kumwangalia usoni.

Kwahiyo kesho usiende. Andika juu ya karatasi "sisi tuliotajwa hapa tunamtuma fulani asaini na kutuwakilisha", halafu zunguka lindo kwa lindo, jina, sahihi, tarehe, kila mtu kwa mkono wake. Usimsainie mtu hata akikwambia kwenye simu umsainie. Anayeogopa kusaini mtoe jina, bora muende 12 waliosaini kuliko 17 wa kuchapwa. Na hesabu siku zako kuanzia mwajiri alipowakatalia, usisubiri mwisho wa mwezi.

Huyo wa lindo la Tegeta uliyesema hapokei simu, mfuate leo usiku akiwa zamu, na beba kalamu mbili.